Mtikisiko wa Njia Hubebwa na Nani

Kiti mwendo cha umeme kwa kawaida kina mota mbili, moja kwa kila gurudumu kubwa, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kufikia 24, na kijiti kifupi kwenye egemeo la mkono. Anayekaa akikisukuma kijiti mbele, kiti huenda, akikilaza kushoto, hukata kushoto, akikiachia, husimama. Wauzaji hukisifu kwa lugha ya starehe: kinateleza, hakirushi, mtu anakaa kama yuko sebuleni. Lugha hiyo imewafanya wengi, hata ndani ya familia zinazochangishana kukinunua, waone ulaini wa mwendo ni nyongeza ya wenye nafasi, sawa na viti vya ngozi ndani ya gari. Kumbe chini ya jambo hilo yapo maswali ya kifalsafa yasiyo madogo. Mtu anayebebwa na mashine anakwenda mwenyewe au anapelekwa? Na njia ikimtikisa, mzigo wa mtikisiko ule ni wa nani?

Kwa swali la kwanza, Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Mtu huenda, mtu hupelekwa, chombo huendeshwa, na mtu hujiendesha. Kati ya kupelekwa na kujiendesha imo historia nzima ya kiti hiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viuavijasumu viliwaokoa askari waliovunjika shingo, ambao katika vita vilivyotangulia wangekufa kwa vidonda na maambukizi ya kibofu. Walirudi makwao wakiwa hai, lakini mikono yao haikuweza kusukuma gurudumu. Kiti cha chuma cha kukunja, kilichobuniwa Marekani mwaka 1933 na Herbert Everest, mhandisi wa madini aliyekuwa amepooza miguu, pamoja na Harry Jennings, hakikuwafaa, maana kilitaka mikono ya mwenyewe au ya mtu mwingine. Nchini Kanada, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti akaunda kiti cha umeme kinachoongozwa kwa kijiti, na mwaka 1955 kimojawapo kikakabidhiwa kwa Marekani. Klein hakuwapa askari hao kasi; muuguzi aliyekuwa akiwasukuma aliweza kwenda kasi vilevile. Alichowarudishia ni ile silabi "ji" iliyomo ndani ya kujiendesha.

Silabi hiyo ndiyo inayopotea njia inapoharibika. Dar es Salaam mtu hutoka kwenye lami akaingia kwenye pevingi, akavuka mfuniko wa mtaro ulionyanyuka sentimita mbili, akakuta mchanga, akarudi kwenye lami. Mombasa na Nairobi jina linakuwa kabro, adha ni ile ile. Tofali la kawaida la aina hiyo lina urefu wa sentimita 20. Kiti kikienda kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtembea kwa miguu asiye na haraka, hupita karibu sentimita 139 kila sekunde, ambayo ni sawa na mapengo saba ya tofali kwa sekunde. Mwili wa mtu aliyekaa nao una mdundo wake: mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio ambao uti wa mgongo huuitikia zaidi, na kipimo cha kimataifa cha mtikisiko wa mwili mzima, ISO 2631, huutilia uzito mkubwa kwa sababu hiyo. Aliyechagua tofali hakukusudia ubaya. Alichukua saizi iliyopo kiwandani. Mwenye kutembea hapati habari, kwa kuwa magoti na nyayo zake ni springi alizozaliwa nazo. Habari yote inamfikia aliyekaa.

Inamfikia kwanza mkononi. Egemeo limefungwa kwenye fremu, fremu inaruka pamoja na gurudumu, na kiganja kinaruka nayo. Kidole gumba, ambacho kwa mtu aliyeumia shingo pengine ndicho pekee chenye nguvu ya kutosha, kinakigonga kijiti bila kukusudia, na kiti kinaupokea mguso huo kama amri. Kinakata kulia. Mwenyewe anakirudisha, mshtuko wa pili unaukuta mkono katikati ya kurudisha, na kwa mita mbili tatu kiti kinakwenda upogo huku wapita njia wakidhani dereva wake hajui kuendesha. Kwa mwenye misuli inayokakamaa yenyewe, mtikisiko unaweza kuamsha mkakamao, mguu ukachomoka kwenye kikanyagio. Fundi anaweza kuipanga kompyuta ya kiti ipuuze miguso midogo, lakini kiti kilichofundishwa kupuuza huwa kizito wa kusikia hata amri ya kweli, na hilo si jambo la kutamani katikati ya kivuko cha barabara. Wahenga walisema mbebwa hujikaza, wakimaanisha kwamba hata anayebebwa ana kazi yake. Kazi hiyo huwezekana kwa mwenye kiwiliwili kinachotii. Asiyeweza kujikaza anahitaji kiti kimfanyie kazi hiyo, la sivyo amri zake zitachanganyika na amri za barabara hata yeye mwenyewe asiweze kuzitenganisha.

Ukitazamwa hivyo, uchaguzi wa kiti ni uchaguzi wa mahali ambapo mshtuko utaishia. Mshtuko haupotei hewani. Lazima uliwe na kitu. Unaweza kuliwa na tairi, na springi, na mto wa kukalia, au na pingili za mgongo. Tairi la upepo linakula sehemu nzuri, na fundi wa baiskeli wa mtaani akipata tyubu ya saizi yake anaweza kuziba pancha. Lakini pancha ya saa mbili usiku kwenye kiti kizito haina fundi. Tairi lililojazwa povu au raba tupu halipati pancha kamwe, na adhabu yake hulipwa kila siku kwa kiwiliwili. Mto wa sponji ni wa bei nafuu na huchakaa upesi. Wa jeli hutulia lakini ni mzito. Wa vifuko vya hewa huwasaidia sana walio katika hatari ya vidonda vya mgandamizo, mradi upimwe upepo wake mara kwa mara. Mto, hata uwe mzuri namna gani, hauzibi pengo la springi, kwa sababu unailinda ngozi kuliko mgongo.

Mahali pa magurudumu yanayoendesha pana maana zaidi ya wanunuzi wengi wanavyofikiri. Yakiwa nyuma, kiti hutulia kwenye mwendo wa kasi na mstari mrefu, ila kinataka nafasi kubwa kugeuka. Yakiwa mbele, hupanda vizingiti vifupi kwa urahisi, kisha mkia hupenda kuyumba dereva akikata kona kwa haraka. Yakiwa katikati, kiti huzunguka karibu pale pale kilipo, jambo ambalo ni rehema ndani ya lifti, dukani na kwenye vyumba vya kupanga. Lakini kina magurudumu sita chini, na kama springi za yale madogo ni dhaifu, kwenye mtaro mwembamba makubwa yanaweza kuning'inia na kiti kikakwama na mota zikizunguka bure. Njia za Mji Mkongwe wa Unguja zinakidai kiti cha katikati kwa wembamba wake, na zinakikataa kwa mawe yake.

Halafu kuna uzito. Kiti chenye springi za kweli, egemeo la mgongo linalolala na betri kubwa hupita kilo 100 kabla mtu hajakaa, na uzito huo wenyewe ni sehemu ya utulivu wake. Cha kukunja chenye betri ya lithiamu kinaweza kuwa na kilo 25 hadi 30, kinarusharusha, lakini watu wawili wanakinyanyua wakakipitisha mlango wa daladala konda akipenda. Hapo mnunuzi haulizwi juu ya mgongo peke yake. Anaulizwa kama yuko tayari kufika laini katika mitaa inayofikika kwa kiti tu, au kufika amechoka kwenye harusi ya Mbagala na msiba wa Tegeta. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, yalilipunguzia swali hilo makali kwenye njia zake, kwa kuwa jukwaa la kituo lina kimo kimoja na sakafu ya basi. Kilichobaki ni pengo kati ya jukwaa na mlango, na pengo hilo linategemea dereva amesogeza basi kiasi gani.

Wanafalsafa wamekigusa kiti hiki bila kukitaja. Descartes mwaka 1637, na Maurice Merleau-Ponty mwaka 1945, wote walitoa mfano wa kipofu na fimbo yake. Kwa Merleau-Ponty, fimbo iliyozoeleka haishikwi tena kama kitu. Kipofu haihisi fimbo, anaihisi ardhi iliyo mwishoni mwake, na mwili wake umeenea hadi huko. Waliozoea kiti wanalijua jambo hili kabla ya kulisoma. Mwenye kiti hupita mlango bila kupima, kama vile mwenye mabega mapana asivyopima mabega. Mgeni akiegemea mpini wa nyuma wakati wa mazungumzo, anayekaa huhisi ameegemewa yeye, na ana haki ya kuhisi hivyo. Akisukumwa bila kuombwa, hata kwa nia njema, hurudishwa kutoka kujiendesha hadi kupelekwa.

Mfano wa fimbo, hata hivyo, unaleta tatizo ambalo wanaosifu ulaini hawalitaji. Fimbo inafaa kwa sababu inapitisha habari. Fimbo iliyovishwa sufi isingemwambia kipofu lolote. Vivyo hivyo kiti kilichomeza kila kitu kingemwacha dereva bila habari ya njia: asijue kwamba gurudumu la mbele limeingia mchangani, au kwamba ukingo wa mtaro umeanza kumeguka chini ya tairi. Springi nzuri kwa hiyo inachuja. Inazuia mdundo unaouvunja mgongo na kuyumbisha mkono, inapitisha mguso unaosema chini pamebadilika. Kati ya viti viwili vinavyotofautiana kwa ulaini, kilicho laini zaidi si lazima kiwe bora.

Dini nazo zilikutana na suala la kubebwa mapema sana. Mtume Muhammad (S.A.W.) katika Hija ya kuaga alitufu Kaaba akiwa juu ya ngamia, na Ummu Salama alipolalamika kuwa ni mgonjwa aliambiwa atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama. Kutokana na hayo mafakihi walijadili mengi. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, kutembea katika tawafu ni sunna, na tawafu ya aliyepanda inasihi. Kwa Mahanafi kutembea ni wajibu kwa anayeweza. Lililo zito zaidi ni pale mtu anapombeba mwenzake na wote wawili wamenuia: tawafu ile ihesabiwe ya nani? Majibu yalitofautiana kwa madhehebu na kwa nia ya kila mmoja. Leo katika Msikiti Mtakatifu wa Makka vipo vigari vya umeme katika ghorofa ya juu, na aliyekaa kwenye kimoja akakiongoza mwenyewe ameliondoa swali hilo la zamani bila ubishi. Mota haina nia. Mwenye nia chomboni ni mmoja, na mwendo wote ni wake.

Msikitini mtaani swali huwa la tope. Magurudumu yamepita barabarani, yatapita kwenye mkeka? Fiqhi ya Kishafii ina mlango wake kuhusu matope ya njiani, na kiasi ambacho ni vigumu kukiepuka husamehewa. Na kitambaa chenye maji mlangoni huondoa mengi ya yanayobaki. Uzoefu unaonyesha kwamba mara nyingi kinachomzuia mwenye kiti si tope bali ni ngazi tatu za barazani, ambazo hakuna kitabu cha fiqhi kilichoziamuru.

Katika Injili ya Yohana, kando ya birika la Bethzatha, alilala mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Mahubiri mengi hukimbilia uponyaji wake. Malalamiko yake mwenyewe yalikuwa mengine: hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kila alipojaribu mwingine alishuka kabla yake. Alikuwa akieleza mpangilio wa mahali, kwamba njia ya kushukia haikuwa yake. Katika Marko, yule aliyepooza wa Kapernaumu alikuwa na watu wanne wa kumbeba, na hata hao walilazimika kutoboa dari. Mwaka 1994 Nancy Eiesland, msomi Mmarekani wa sosholojia ya dini aliyeishi na ulemavu tangu kuzaliwa, alichapisha kitabu The Disabled God na kueleza ndani yake namna alivyomwona Mungu ameketi kwenye kiti kinachoongozwa kwa kupuliza na kuvuta hewa katika mrija. Wengi walishtuka. Mshtuko huo unasema mengi, kwa sababu sanamu na picha za Mungu aketiye kwenye kiti cha enzi huwa haziwashtui wengi; tatizo lilikuwa magurudumu. Na kiti cha aina hiyo, kinachotii pumzi, kinadai ulaini kuliko vyote, kwa kuwa mdomo ukirushwa kutoka kwenye mrija, usukani umekatika.

Linabaki swali la malipo, ambalo ni swali la haki. Mwaka 1976 chama cha watu wenye ulemavu cha Uingereza kiitwacho UPIAS kilitenganisha hitilafu ya mwili na ulemavu, kikasema ulemavu ni kitu ambacho jamii humwongezea mwenye hitilafu. Vic Finkelstein, mzaliwa wa Johannesburg aliyefungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi kabla ya kuhamia Uingereza, alilieleza wazo hilo kwa kisa cha kijiji cha kubuni ambacho wakazi wake wote hutumia viti vya magurudumu. Kwa kuwa hakuna anayesimama, dari na milango vinajengwa chini. Wageni wanaotembea wanajigonga vipaji vya nyuso kila siku, wanatoka manundu, na madaktari wa kijiji wanawaandikia kofia ngumu za kuvaa. Kiti chenye springi za bei kubwa, kwa jicho la Finkelstein, ni kofia hiyo hiyo: mtu anajinunulia kinga dhidi ya ujenzi wa wengine.

Hoja hiyo ina nguvu, na haitoshi. Mchanga wa Kigamboni haukumwagwa na halmashauri. Mvua ya masika itaendelea kunyesha, na maumivu ya mgongo yatakuwapo hata kwenye sakafu ya marumaru. Tom Shakespeare, mwanasosholojia Mwingereza ambaye mwenyewe ana ulemavu, ameisahihisha hoja ya UPIAS kwa njia hiyo, kwamba hakuna dunia itakayojengwa isiwe na kizuizi kwa yeyote. Amartya Sen, katika mhadhara wake wa mwaka 1979 Stanford kuhusu usawa, aliuliza kipimo sahihi ni kipi, akaonyesha kwamba watu wawili wenye pesa sawa hawako sawa ikiwa mmoja anahitaji nyingi zaidi ili afanye jambo lile lile. Kwa kipimo chake, anayepewa kiti chochote ili mradi kiti, na anayepewa kiti anachoweza kukiongoza kwenye njia yake, hawajapewa kitu kimoja.

Sheria imegawa mzigo huo mara mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, katika Ibara ya 9 unaitaka nchi irekebishe njia na majengo, na katika Ibara ya 20 unaitaka irahisishe upatikanaji wa vifaa vya mwendo kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Gharama ya upande wa kwanza si ya kutisha. Mteremko unaokubalika sehemu nyingi ni kipimo cha 1 kwa 12, maana yake ukingo wa sentimita 15 unahitaji mita 1.8 ya zege. Berkeley, California, ilianza kukata kingo zake kwa utaratibu miaka ya mwanzo ya 1970, wanafunzi wa viti vya umeme walipoudai mji, na walionufaika wa pili ni kina mama wenye vigari vya watoto na wachukuzi wa mizigo.

Kariakoo zege peke yake halitoshi, kwa kuwa njia ya miguu ina wenyewe. Mmachinga aliyetandaza viatu hapo naye anatafuta riziki, na mwaka 2021 alipoondolewa barabarani Dar es Salaam kwa amri, wenye viti walipata njia kwa hasara ya mtu mwingine maskini. Hakuna kanuni ya haki inayolimaliza jambo hilo kwa mkato. Mita moja na robo iliyoachwa wazi katikati ya bidhaa ingewatosha wote, lakini mita hiyo hupatikana kwa mazungumzo ya kila asubuhi, si kwa tangazo.

Anayenunua kiti leo hawezi kuungoja mji. Kosa la kawaida ni kukijaribu dukani, juu ya vigae, ambako kila kiti ni laini. Jaribio lenye maana hufanyika kwenye njia ya mwenye kiti mwenyewe: kutoka mlangoni kwake hadi kituoni, sokoni, na mahali anaposalia, mto wake ukiwa umekaliwa na mkono wake mwenyewe ukiwa kwenye kijiti, bila muuzaji kushika mpini wa nyuma. Mita kumi za pevingi zinatosha kuonyesha kama anaweza kushika mstari. Mfuniko mmoja wa mtaro unatosha kuonyesha kama mguu unabaki kwenye kikanyagio. Kisha kiti kizimwe, breki za mota ziachiliwe, na watu wawili wajaribu kukisukuma kwa mikono, kwa sababu ipo siku umeme wa usiku utakatika na betri itakuwa haijajaa, na siku hiyo mwenye kiti atapaswa kujua ni majirani wangapi wa kuwaita.